Bomba Lilipoingia Ndani

Mtaa mzima ulimwita bibi yule Redio, maana enzi za bomba la pamoja hakuna habari iliyopoa kabla hajaitangaza kwenye foleni ya maji. Kisha fundi bomba akaingiza maji nyumba kwa nyumba, bomba la pamoja likang'olewa, na Redio akakosa wasikilizaji.

Asubuhi moja mke wa fundi, mshonaji, alikuwa akipinda suruali alipoona maji yakichuruzika chini ya mlango wa Redio. Akavuka uchochoro, akabisha hodi. Kimya. Akagonga kwa kiganja kizima.

"Baba watoto! Njoo!"

Mumewe akaja na spana yake. "Kasahau kufunga bomba, katoka. Nifunge koki ya nje, yaishe."

"Mlango umefungwa kwa ndani."

"Basi kalala. Siku hizi watu wana faragha zao, mama watoto. Mambo ya kuchunguliana tumeyaacha kwenye foleni. Ndiyo maendeleo hayo."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

Fundi akahesabu siku kwa vidole, akapotea. Hata mshonaji, alipojiuliza, hakukumbuka. Zamani ndoo ya Redio isipoonekana, jua lilikuwa halipandi kabla mtu hajaenda kumjulia hali.

"Vunja."

"Mlango wa mtu? Akinishtaki je?"

"Akikushtaki nitamshukuru Mungu, maana atakuwa hai. Vunja!"

Bega la kwanza, mlango ukagoma. La pili, kitasa kikaruka. Redio alikuwa sakafuni bafuni, mguu umepinda vibaya, nguo zimelowa chepechepe. Mshonaji akapiga magoti majini, akamtegea sikio kifuani. Hakusikia kitu ila bomba.

"Lifunge hilo!"

Fundi akalifunga. Ndipo mshonaji akausikia moyo: mpigo mmoja, kimya, mpigo mwingine.

"Yu hai! Tafuta gari!"

Hospitali wakasema nyonga imevunjika. Redio alipopata nguvu ya kusema, alimtazama fundi.

"Nimeita tangu jana, hakuna aliyesikia. Nikajivuta hadi kwenye bomba la chini, nikalifungulia. Nilijua mtu asiposikilizwa, maji yakipotea fundi atakuja."

Njiani kurudi nyumbani mshonaji hakuweza kujizuia. "Heri foleni yetu!"

"Heri?" Mumewe akasimama. "Umesahau mimba iliyotutoka kwa kubeba ndoo? Nilizika mwanangu, ndipo nikaanza kuchimba mitaro ya mabomba. Usiniambie heri."

Mshonaji hakuwa amesahau. Wakatembea hadi nyumbani, kila mmoja na ukweli wake mkononi, hakuna wa kumpokea mwenzake.

Redio alirudi na magongo. Siku hizi mshonaji hakanyagi cherehani kabla hajavuka uchochoro.

"Sijafa bado!" Redio humfokea kutoka ndani. "Niache nilale!"

"Lala," hujibu mshonaji, na haondoki mlangoni mpaka amsikie akisonya.