Mkwe Hapigwi Upanga

Mashine ya michezo ya televisheni ya Mama Célestine ilikuwa imeshiba. Wateja wake wa Kalemie walitaka mchezo mpya wa mpira, na mpira ulitaka nafasi, kwa hiyo kati ya michezo miwili ya mapanga na uchawi, mmoja ulipaswa kufutwa. Mama akatangaza kwamba Jumamosi atakaa kwenye kigoda, aitazame yote miwili, aamue. Mwenyewe hakuwahi kuicheza. Lakini hata wanaoamua kesi za mashamba si wote wanaolima.

Kati ya wateja hao, Laurette alitetea mchezo wa Pango la Joka. Ephraïm alitetea Taji la Majivu, na mzigo wake ulikuwa mzito zaidi, maana kwa mama huyo alikuwa na maombi mawili: mchezo ubaki, na Odile, binti wa mama huyo, atoke aolewe naye. Wajomba wa Ephraïm walikwisha kupeleka neno la posa. Jibu lilikuwa bado jikoni. Ungembana achague ombi moja, angechagua Odile, baada ya kufikiri kidogo.

Jumamosi ilipofika, Laurette alianza. Akaliua joka bila kutoka jasho.

"Ule mujusi alimukosea nani?" Mama akauliza.

"Analinda dhahabu, Mama."

"Dhahabu ya nani?"

Kwenye Pango la Joka hakuna anayeuliza.

"Njo maana wangu ni muzuri," Ephraïm akadakia. "Wa Laurette ni kupiga tu, kama mulevi kwenye kilio. Kwangu watu wanasalimiana, wanauza samaki, wanaoa. Hata mimi nimeoa."

"Umeoa," Mama akarudia.

"Mu mchezo, Mama."

"Na wako ni maneno tu," Laurette akasema. "Shujaa muzima anazunguka kutafuta dawa ya mbuzi wa jirani."

Ephraïm akaingia ngomeni kwa Malkia wa Majivu, adui wa mwisho. Malkia alipofungua kinywa, maandishi ya Kifaransa yakajaa chini ya picha. Ephraïm akataka kuyaruka, kama kawaida yake.

"Acha nisome," Mama akasema. Akasoma polepole. "Anasema yule binti uliyemuoa ni mutoto wake wa kuzaa."

Hata waliokuwa wakingoja mpira wakaacha kutafuna karanga. Kwao Ephraïm, mama mkwe haangaliwi usoni. Ukimwona njiani unampisha, unaangalia majani. Sembuse upanga. Na yule mwingine, anayetarajiwa, alikuwa ameketi nyuma ya bega lake.

"Piga," Laurette akamnong'oneza. "Ni picha."

"Picha ya mukwe."

Akaiweka maneti, kile kidude cha kuchezea, sakafuni, akainamisha kichwa, akageuzia magoti mlangoni. Malkia, ambaye hakulelewa vizuri, akamkatakata mpaka televisheni ikawa nyekundu.

"Amekufa," Laurette akasema. "Nimeshinda."

"Amekufa vizuri," Mama Célestine akasema.

Akasimama, akageuza kigoda, akaketi akiwa amempa Ephraïm mgongo, uso ukutani.

"Laurette, mwambie ule kijana mchezo wake unabaki. Na wajomba zake waje Jumapili."

"Si yuko hapa, Mama? Mwambie mwenyewe."

"Mimi na yeye hatuongei tena uso kwa uso."

Laurette akamgeukia Ephraïm. "Umesikia?"

"Mwambie nimesikia," Ephraïm akaujibu mlango.