Anayemdai Marehemu

Nilipotoka eda, shemeji yangu alinirudishia simu ya mume wangu ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Alisema aliitunza ili wateja wasinisumbue nikiwa ndani. Nikamwombea dua. Tangu msiba ule watu wote walikuwa wanamwita Nguzo, maana aliusimamia peke yake, kuanzia sanda hadi viti vya kukodi, na mimi nilikuwa wa kwanza kulitumia jina hilo.

Simu ile niliihitaji. Mume wangu alikuwa fundi wa makochi. Yeye alipiga mbao na kufunga springi, mimi nilishona vitambaa, na namba yake ndiyo iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana. Mbao siziwezi, lakini kubadilisha sponji na kulivalisha kochi upya naweza, na mteja wa kazi hiyo hupiga simu kwanza. Kwa hiyo asubuhi ile ile nilifungua karakana, nikafuta vumbi, nikaweka simu juu ya cherehani nikisubiri riziki.

Riziki ya kwanza ilikuwa sauti ya kijana. Hakusalimia. Alilitaja jina la mume wangu kama askari anayeita mahabusu, akauliza analipa leo au halipi. Nilimsalimia mimi, kwa kuwa asiyesalimia huenda hakufundishwa, kisha nikamwambia kwamba mwenye jina hilo ametangulia mbele ya haki. Akacheka puani.

"Mama, wadaiwa wetu wote wamekufa. Hii kampuni inakopesha makaburi tu."

Niliumia, ila sikuhamaki. Nikamuuliza ni kiasi gani. Aliponitajia nilikaa juu ya gunia la sponji bila kupenda. Ilikuwa bei ya seti nzima ya makochi, pamoja na mbao zake.

Shuleni niliishia la saba, lakini madrasa nilikaa zaidi, na jambo moja nililofundishwa huko halijanitoka: roho ya muumini huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Sikumkasirikia mume wangu kwa kunificha. Kila mwanamume ana mfuko ambao mkono wa mkewe haufiki. Nilichokiona ni yeye kule aliko, amezuiliwa mlangoni kwa jambo ambalo mimi, mwenye cherehani na macho yanayoona, ninaweza kulifanyia kazi. Nikamwambia yule kijana nitalipa kidogo kidogo.

Hapo ndipo nilipojifunga kamba. Muuza mkaa wa jirani alinieleza baadaye. Alisema watu wa mikopo ya simu ni kama mbwa wa sokoni, ukimtupia mfupa mmoja, kesho anakuja na ukoo mzima. Wenye madeni wanaojua mambo hawapokei. Wengine husema umekosea namba, wengine hubana pua wakajifanya mtoto wa nyumbani. Mimi nilipokea kila simu, nikasalimia, nikasema kweli, nikaomba muda. Kumbe huko kwao nilishawekwa kwenye fungu la wanaokamulika.

Walipiga nikipima kitambaa, wakapiga nikiwa na pini mdomoni, wakapiga nikitawadha. Asubuhi alipiga mpole, mchana mkali, jioni mwanamke aliyeniita mama yangu kipenzi, halafu akaniuliza usingizi unakuja vipi juu ya mali ya watu. Nikituma chochote, kesho yake deni liko pale pale, limejaa tena kama kisima. Hiyo ni riba, na hukumu ya riba naijua. Nilijiambia kwamba ya riba atajibu anayeila, mimi nishughulike na ya marehemu.

Kisha wakaanza na wateja. Kila aliyekuwa na namba yake ndani ya simu ile alitumiwa meseji kwamba fundi ni mwizi na amejificha nyuma ya mkewe. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kochi lake nilikuwa nimeshalivua nguo, alikuja na mkokoteni kulichukua. Alisema hana ugomvi na mimi, ila mali yake aione machoni. Kochi likapita mtaani mbavu nje, watu wakilitazama kama wanavyomtazama mtu aliyefumaniwa.

Ndipo nilipokwenda kwa Nguzo. Nilimkuta anakunywa chai. Aliponisikiliza, alisimama akafunga mlango, akanong'ona kwamba alijua siku nyingi, ila hakutaka kuniongezea msiba nikiwa edani. Kaka yake, alisema, alikuwa anacheza kamari ya simu. Alianza kwa mchezo, ikamshinda.

"Funika kombe mwanaharamu apite, shemeji," akaniambia. "Laini itupe. Karakana nikabidhi mimi niipangishe, nikuletee chochote kila mwezi. Jina la marehemu lisichezewe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia. Nilikaa na mume wangu tangu nikiwa msichana na sikuwahi kumwona akiweka dau hata la peremende. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kupiga chafya. Nikaanza kumchunguza maiti. Zile jioni alizochelewa, alikuwa wapi? Mara ile aliposema mbao zimepanda bei, zilipanda kweli? Nilipekua makoti yake, nikakuta misumari na pipi ya kikohozi. Nikimwombea dua baada ya swala, ulimi ulikuwa mzito. Wale wa kwenye simu walinichukulia fedha na wateja. Nguzo alinichukulia mume, tena akiwa ameshakufa.

Siku moja akapiga mwanamke mwenye mafua. Kabla hajamaliza vitisho vyake alipiga chafya, na mimi kwa mazoea nikamwambia pole. Akasahau vitisho vilipofikia. Labda tangu asubuhi hakuna aliyemwambia neno hilo. Nikapata nafasi ya kumuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza yeyote kati yao, maana mwenye aibu haulizi sana. Nilimuuliza mume wangu alikopa lini.

Akanisomea tarehe. Akasema ilikuwa jioni, magharibi, na fedha zilitolewa hapo hapo.

Tarehe ile ninaijua kama wengine wanavyojua ya kuzaliwa mtoto wao. Siku hiyo mume wangu alitolewa nyumbani kwenda kuzikwa baada ya swala ya alasiri. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, Nguzo alisimama uani mbele ya watu, na sisi wanawake tulimsikia tukiwa chumbani. Alisema kwa sauti ya kutetemeka kwamba yeyote anayemdai marehemu aje kwake, yeye ndugu yake, atalipa. Wanawake walilia upya kwa maneno yale. Simu ilikuwa kwake, na namba ya siri aliijua tangu siku za ugonjwa, kwa kuwa yeye ndiye tuliyekuwa tukimtuma kutoa fedha za dawa. Jioni ile mume wangu alikuwa na udongo juu yake, na huku nyumbani mahema yalikuwa yanasimamishwa na masufuria yanapanda jikoni, makubwa kuliko tulivyowahi kuyaona. Watu walikula, wakashiba, wakamsifu.

"Mwanangu," nilimwambia yule wa mafua, "saa hiyo unayosema, aliyekopa alikuwa kaburini."

Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nimeajiriwa kusoma kilichoandikwa."

Sikumlaumu. Nikamwomba wanipigie Jumapili baada ya alasiri. Akasema hilo nisiwe na wasiwasi, kupiga ndiyo kazi yao.

Jumapili ile Nguzo alikuwa ameita kikao cha familia nyumbani kwangu kuhusu karakana. Alikuja na mama mkwe, ambaye magoti yamemchoka ila akili bado, na wifi yangu mkubwa. Nguzo alizungumza vizuri sana. Alisema mjane asibebeshwe mzigo wa kiume, alisema kuna mambo ya marehemu ambayo hapendi kuyataja mbele ya mama. Aliposema hivyo wifi alinitazama kwa huruma, nikajua ya kamari ameshaambiwa.

Simu ikaita. Niliiweka juu ya meza na kufungua sauti. Hakuwa yule mwenye mafua, alikuwa yule kijana wa kwanza, wa makaburi. Alilitaja jina la mume wangu kwa ile sauti yake ya kituo cha polisi, na mama mkwe akashtuka kusikia mwanawe anavyoitwa. Nilimwomba kijana asome tarehe ya mkopo, na saa, polepole, kwa kuwa kuna mtu mzima anasikiliza. Akasoma.

Mama mkwe ndiye aliyeelewa kwanza. Tasbihi ilisimama mkononi mwake.

"Sasa andika namba," nikamwambia kijana. "Kuna mtu alisema mbele ya jeneza kwamba anayemdai marehemu aende kwake. Yupo hapa, mzima wa afya."

Nguzo alinyoosha mkono kuichukua simu. Mama yake akamwambia, "Mwache asome." Nikaisoma namba ya Nguzo mpaka mwisho, na kijana akairudia ili asikosee. Kwa kazi yake alikuwa makini.

Mtu akifikiri baada ya hapo walinipigia magoti, hajakaa na ndugu wa mume. Nguzo alilia, nami naamini machozi yalikuwa ya kweli. Aliuliza kama tulitaka kaka yake azikwe kama mbwa. Alisema hakuwa na kitu, watu walikuwa wanamtazama yeye, angefanyaje. Wifi akadakia kwamba deni la msiba ni la msiba, na chakula kile tulikula wote.

"Hata wewe ulikula," akaniambia.

Ni kweli nilikula. Nilikula deni la mume wangu nikiwa nimejifunika kanga, nikishukuru.

Nilimjibu Nguzo, siyo wifi. "Ungesema huna, angezikwa kwa sanda na dua, na ingetosha. Ungeniambia hata baadaye, tungelipa pamoja. Lakini wewe ulinipa mume mcheza kamari, nikalala naye kitanda kimoja siku zote hizi."

Mama mkwe aliomba ashikwe mkono arudishwe kwake, na akaomba ashikwe na mimi. Mlangoni wifi aliniambia kwamba nimemvua nguo ndugu yao mbele ya mama. Nikamwambia marehemu naye alikuwa ndugu yao.

Ya karakana hayakutajwa tena. Simu zangu zilipungua, kisha zikabaki za wateja, wachache. Mwalimu mstaafu hakurudi. Jina la fundi lilichafuliwa kwa meseji kwa watu wote, lakini hakuna aliyetuma meseji ya kulisafisha, na mtaani Nguzo bado anaitwa Nguzo.

Alikuja karakana siku moja mchana. Alikuwa amepungua. Alikaa kwenye kochi ambalo sijalimaliza, sponji ikiwa wazi, akasema wanampigia hadi kazini, wamempigia bosi wake, wamempigia baba mkwe wake. Sikuacha kushona. Akasema amekosa, na anaomba nimsamehe.

"Langu nimekusamehe," nilimwambia, na nilijikaza ili iwe kweli. "La kusema uongo juu ya marehemu sina ruhusa nalo. Mwenyewe hayupo."

"Sasa nifanyeje, shemeji?"

Simu yake ikaanza kuita mfukoni. Alinitazama kama mtoto anayengoja mkubwa amwondolee kitu. Mlio ulikuwa mkali, na kile chumba ni kidogo.

"Pokea," nikamwambia. "Usalimie."

Hakupokea. Aliinuka akatoka nayo ikilia, nikaisikia mpaka kwenye kona ya muuza mkaa. Nilifunga mlango nikatawadha. Adhuhuri ya siku ile niliiswali mara mbili, maana ile ya kwanza niliisoma yote huku nikisikiliza kama simu ile bado inaita.