Hatua Mia Mbili na Saba

Baba yangu hakuwa na imani na futi. Alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini, na kila mtaro aliupima kwa miguu yake: anatembea mara moja kutoka barabarani hadi ukutani, anakuna kidevu, anataja idadi ya mabomba ya kununua, na siku ya kazi hakizidi wala hakipungui kipande. Watu walimwita Koki. Rafiki yake, seremala mmoja mrefu aliyeitwa Randa, hakutoka nyumbani bila futi mbili mfukoni, na zote mbili, kwa maneno ya Baba, zilisema uongo.

Wazee hawa walikuwa na wazimu mmoja. Walitengeneza mizinga ya hewa.

Usifikirie vita. Mzinga wenyewe ulikuwa vipande viwili vya bomba nene. Kimoja kilijazwa hewa kwa pampu ya baiskeli, kingine ndicho kilikuwa mtutu, na katikati yake pakawekwa koki. Mpira wa tenisi uliochakaa ulisukumwa mtutuni, koki ikafunguliwa kwa mkupuo mmoja, na mpira ukaondoka kwa mlio kama wa mtu mnene aliyekalia mto. Kwenye geji ya kupimia hewa Baba alichora alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya mama, na mshale ukigusa hapo hakuna aliyeruhusiwa kupampu tena. Mama, alipokuwa hai, aliidai ile chupa ya rangi miezi miwili mizima.

Sasa hawapo wote watatu, na karakana yao ya kutengenezea mizinga imekuwa duka la simu. Nikipita pale bado pua yangu inatafuta harufu ya gundi, na nikiikosa naumia, sioni haya kusema.

Mimi nilijiunga nao nikiwa na miaka ishirini na saba, mwanamke mzima mwenye mabegi mawili na ndoa iliyovunjika. Nilishuka mbele ya karakana nikiwa nimejiandaa kwa maswali. Baba alikuwa ameinamia bomba, anasugua ncha yake kwa msasa ili gundi ishike. Akanitazama, akayatazama mabegi.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Randa hajui kuandika namba zikasomeka."

Akanipa daftari. Hakuniuliza lolote kuhusu yule bwana, siku ile wala baadaye, na sidhani kama nilimshukuru vya kutosha.

Jumamosi yangu ya kwanza uwanjani, walikoshindana nani anarusha mbali zaidi, koki ilikwama nusu, mpira ukadondoka hatua tisa tu kutoka mtutuni. Niliwaonea huruma, nikaacha kuandika. Baba akachungulia daftari.

"Tisa iko wapi?"

"Nilidhani hiyo haihesabiki, Baba."

"Andika tisa. Hilo daftari si la kutufurahisha."

Kupima kulikuwa kazi ya Baba peke yake, hata mpira ukiwa wa Randa. Randa alikubali sharti hilo baada ya mwaka mzima wa kugombana, kwa sababu alimjua mwenzake: Koki angeweza kukuudhi kutwa nzima, lakini hakuweza kukuibia hata unyayo mmoja. Mimi nilitembea ubavuni mwake nikihesabu kwa sauti, na kwa vile nilirithi miguu yake mirefu, tulikanyaga pamoja, kushoto na kushoto, kulia na kulia. Ilifika mahali nikaweza kufumba macho na bado tukafika pamoja kwenye alama ya mpira. Watu huniuliza nilipona vipi na yale mambo ya ndoa. Nilipona Jumamosi, nikihesabu hatua kando ya baba yangu.

Siku Randa aliporusha hatua mia mbili na saba, Baba alimpimia mwenyewe. Rekodi ya Baba ilikuwa mia na tisini na mbili, na tulipoipita niliona midomo yake inakauka. Angerefusha hatua kidogo tu, nani angejua? Hakurefusha. Alifika kwenye alama, akaokota mpira, akarudi kumkabidhi Randa kwa mikono miwili, kisha akanuna wiki nzima. Miaka kumi na moja namba ile ilimkaa kooni.

Katika miaka hiyo niliolewa tena, safari hii na mtu mwenye akili zake, nikahamia upande wa pili wa mji kwenye nyumba ya chini, na cherehani zangu mbili sebuleni. Baba alibaki chumba cha juu ya karakana, ngazi ishirini na sita nyembamba zisizo na pa kushika. Akapata kiharusi kidogo, mguu wa kulia ukabaki mzito. Akaanguka ngazini. Akaanguka tena, na mara hii alilala pale chini saa tatu nzima mpaka Randa alipopita. Tangu hapo kila simu ilipolia roho yangu iliruka.

Nikamwambia ahamie kwangu.

"Nitahama," akasema, "nikishamng'oa Randa kwenye daftari. Siondoki hapa nimeshindwa na mtu wa mbao."

"Na usipomng'oa?"

"Basi mtanitolea hapa hapa."

Nikamwambia ana kichwa kigumu. Akaniuliza mimi changu nilikitoa wapi.

Akatumia miezi mitano kutengeneza mzinga mpya. Aliuita Bibi Harusi, kwa sababu ulikuwa mweupe, mrefu, na haukuwa tayari hata siku moja kwa saa iliyotajwa. Hatimaye, Jumamosi moja saa kumi jioni, tuliubeba hadi uwanja ulio nyuma ya ghala la zamani, penye vumbi laini na pasipo kichwa cha mtu cha kupasua. Randa alikuja na kigoda chake na malalamiko yake ya magoti.

Nilipampu mimi. Mshale ukagusa wekundu, nikajitenga. Baba akafungua koki, na mpira ukaondoka vizuri kuliko nilivyowahi kuuona ukiondoka mikononi mwake, juu, juu zaidi, mpaka vumbi likatimka kule mbali ulipogusa chini. Randa akainuka kwenye kigoda bila kukumbuka magoti.

Tukaanza kupima. Kufika hatua ya kumi nilikuwa mbele ya Baba. Nikarudi, nikajipanga naye. Kufika ya ishirini nilikuwa mbele tena. Mimi ni fundi cherehani; macho yangu hupima watu hata nisipotaka. Mguu wa kushoto ulikwenda vilevile kama zamani, lakini wa kulia ulikuwa unafika pungufu, karibu unyayo mzima, kila mara. Yeye hakuona. Alikuwa anatazama mbele, kule vumbi lilikotimka, na midomo yake ilihesabu pamoja na yangu. Nikaendelea kuhesabu hatua zake kama zilivyokuwa. Tulipopita mia mbili na saba naye akaanza kuhesabu kwa sauti.

Mia mbili ishirini na nne.

Akasimama kwenye alama, anahema, anacheka peke yake. Sikuwa nimemwona anacheka hivyo tangu tumzike mama. Randa akaja polepole akifuata nyayo zetu, na nilimwona anavyoziangalia njia nzima. Alipofika, alivua kofia.

"Hongera, Koki. Nimekubali."

Kisha akanitazama mimi, na macho yake yaliniomba ninyamaze.

Nami nilitaka kunyamaza. Nilichohitaji ni kuandika tarakimu tatu tu, na kesho yake ningekuja na gari kubeba kitanda. Zile ngazi zingebaki na mtu mwingine. Ningelala usingizi. Nikaandika mbili. Nikaandika mbili nyingine. Ile ya mwisho mkono ulikataa.

"Baba," nikasema, "hatua zako zimefupika."

"Huyu naye," Randa akanong'ona, "nani kamtuma?"

Baba hakukasirika. Aligeuka akatazama tulikotoka. Nyayo zake zilikuwa wazi kwenye vumbi, ya kushoto safi, ya kulia ikivuta mkia nyuma yake, hivyohivyo mpaka kwenye mzinga. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliuona mguu wake kama sisi tulivyokuwa tukiuona. Uso ulimshuka, na mimi nilijichukia.

"Pima wewe," akasema.

Nikarudi mpaka kwenye Bibi Harusi, nikaweka kisigino mdomoni mwa mtutu, nikaanza. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Kila hatua ilinishawishi niifupishe kidogo, kidogo tu, na kila hatua niliikanyaga kama alivyonifundisha bila kunifundisha. Wale wazee wawili walisimama bega kwa bega wakiningoja. Nilipogonga mia na themanini nilikuwa karibu kuwafikia, na nikaona aibu utadhani mpira niliurusha mimi.

"Ngapi?" akauliza.

"Mia moja themanini na tatu."

"Andika."

Nikazikata zile mbili mbili, nikaandika. Akachungulia kuhakikisha.

"Bado wewe," akamwambia Randa.

"Bado mimi," Randa akajibu. Sijamwona tena mshindi mwenye uso mchungu namna ile.

Baba akajipangusa vumbi kwenye suruali, akachukua muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

"Huko kwako kuna uwanja?"

"Kuna wa shule, nyuma ya nyumba. Jumamosi hauna watu."

"Urefu wake?"

"Sijapima, Baba."

"Utapima." Akavuta pumzi. "Miguu yangu imestaafu. Kuanzia leo kipimo ni huyu. Randa, una neno?"

Randa akavaa kofia yake, akasema hana neno. Akaenda kumbeba Bibi Harusi begani, akatangulia.

Mimi nilimshika Baba mkono tukaanza kurudi. Bila kufikiri nikafupisha hatua zangu zilingane na zake. Hatukufika mbali, akasimama.

"Tembea kawaida," akasema. "Ukizoea hizo fupi utaniharibia kipimo."

Nikamwachia mkono. Nikatembea kawaida, machozi yananitoka, nikafika kwenye ukuta wa ghala peke yangu. Nikageuka, nikamngoja.