Beringi Nane Juu ya Meza ya Jikoni

Baiskeli ilikuwa imeanza kulia. Haikuwa sauti ya mnyororo uliokaukiwa mafuta. Hii ilitoka ndani kwa ndani, kwi-kwi, kila tairi la nyuma lilipopanda jiwe na kushuka. Kishada aliisikia wiki nzima mazoezini akajifanya kiziwi, kama mtu anayepuuza jino linaloanza kuuma. Na yeye ni muuguzi wa wodi ya watoto! Mzazi angemletea mtoto kwa uzembe wa namna hiyo, angemkaripia mpaka achoke.

Jumamosi asubuhi aliishika baiskeli kwa nyuma, akaitikisa kushoto na kulia. Ikacheza kama jino hilohilo. Mashindano ya kuteremka mlima yalikuwa kesho yake, saa nne.

"Basi leo ni leo," alijisemea, akatandika magazeti juu ya meza ya jikoni na kuipandisha.

Kazi yenyewe alikuwa akiiogopa tangu mwezi uliopita. Fremu ya baiskeli ile ilikuwa vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vilivyoshikana kwa viungo vinne ili nyuma iweze kupanda na kushuka juu ya shokapu. Ndani ya kila kiungo mlikuwa na beringi mbili, ndogo kama vifungo vya koti. Mpya nane alikuwa nazo kwenye bahasha. Kilichokosekana ni moyo.

Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Alifungua bolti moja baada ya nyingine, kila moja akiipiga picha kwa simu asije akasahau mahali pake. Beringi za kwanza zilimtoa jasho, maana zilijaa kutu na tope lililoganda, ila zilitoka. Sita! Akaanza kuimba peke yake. Ya saba ikaukata wimbo. Alipoigonga, pete ya ndani ilitoka na gololi zikatawanyika sakafuni, lakini pete ya nje ikabaki imeng'ang'ania ndani ya fremu, nyembamba, haina pa kushika. Akainua nyundo tena, safari hii kwa hasira.

"Weka nyundo chini."

Alikuwa mama mkwe wake, mlangoni, na kanga yake mabegani. Alikuja kuwatembelea kwa wiki mbili, na tangu siku ya kwanza aliitazama ile baiskeli kama mgeni aliyekaa bila kukaribishwa.

"Samahani, mama. Nimekuamsha?"

"Nani atalala jirani na karakana?" Mama alivaa miwani, akainama, akapitisha kidole ndani ya tundu. "Umeipigia upande mmoja tu. Imekaa mshazari. Ungegonga mara mbili zaidi hivi, ungepasua nyumba yake, tundu lenyewe hili. Hii ni aluminiamu, mwanangu, si reli."

Kishada aliishusha nyundo. Alijua mama mkwe alifanya kazi kwenye kinu cha unga, basi.

"Mama, mimi nilidhani ulikuwa unashona magunia."

"Miaka miwili. Ishirini na sita iliyobaki nilikuwa fundi mitambo. Mumeo hakukwambia?"

"Hajawahi."

"Angekwambiaje? Alipokuwa shule wenzake walimcheka, eti mama yake ananuka grisi." Alisema bila kinyongo, akivua kanga na kuikunja vizuri juu ya kiti. "Mna bolti ya kutundikia rafu? Ile ya ukutani, inayotanuka ukiikaza?"

Ilikuwepo, ndani ya kopo la mumewe. Mama aliagiza birika lichemshwe, akazungushia kiungo kile kitambaa chenye maji ya moto mpaka fremu ikashika joto. Kisha akaitia bolti ndani ya pete iliyokwama, akaikaza taratibu, nayo ikatanuka na kuibana kwa ndani.

"Sasa geuza upande wa pili. Gonga ncha ya bolti. Usiwe kama unaua nyoka."

Kishada aligonga. Kimya. Akagonga tena. Tko! Pete ilichomoka, ikaruka, ikapiga kabati, ikabingirika hadi chini ya jiko. Wote wawili walipiga kelele pamoja, na mama, mtu wa kujiheshimu, akapiga makofi mawili.

"Ya nane!" alisema. "Haraka, kabla mkono wangu haujakumbuka umri wake. Na hizo mpya zitie kwenye friza. Zikipata baridi zinasinyaa kidogo. Fremu ikipata moto inafunguka. Zikikutana hapo ni chanda na pete."

Mume aliporudi kutoka zamu yake ya kuoka mikate, aliwapita akaenda moja kwa moja kwenye friza kutafuta barafu.

"Nani kaweka beringi juu ya samaki?"

"Mafundi," mama yake alimjibu bila kuinua macho. "Funga friza, unapoteza baridi."

Mume alifunga. Aliwatazama mkewe na mama yake, mikono myeusi hadi viwiko, akavuta kiti akakaa kama mwanafunzi aliyechelewa.

Kuingiza ndiko kulikokuwa na raha yake. Walichukua bolti ndefu yenye hesi, ile mistari ya kupitia nati, mwili mzima, visahani vipana vya washa kila upande, na nati. Kishada akataka kuisukuma beringi kwa katikati. Mama akamshika mkono.

"Isukume kwa pete ya nje. Ukiisukuma ya ndani unaiua kabla haijazaliwa."

Basi wakatafuta soketi ya spana iliyolingana na ukingo wa nje. Kishada akakaza nati nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, pumzi ameishika, na beringi ikazama sawasawa, bila kuinama, mpaka ikafika mwisho na spana ikagoma. Akatia kidole akaizungusha. Ikateleza kimyakimya, laini.

"Mama! Hebu shika!"

Mama alishika, akafumba macho. "Eeeh," alisema. "Hiyo sasa ni beringi."

Saa tisa alasiri baiskeli ilikuwa imeunganishwa, imesimama tena kwa magurudumu yake. Nyuma ya nyumba palikuwa na ngazi za mawe zilizoshuka hadi barabarani. Kishada hakungoja kunawa. Alivaa kofia ngumu akajiachia, ngazi ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili, na hakusikia chochote ila upepo na moyo wake. Fremu ilimfuata kama kiungo cha mwili wake mwenyewe. Chini barabarani alipiga ukelele uliowatoa majirani madirishani.

Kesho yake alimaliza wa tatu kati ya wanawake ishirini na mmoja, na hakuwahi kuteremka kwa kasi ile maishani mwake. Mama mkwe alikuwa kwenye utepe wa mwisho, sauti imemkauka. Alimkumbatia pamoja na tope lake lote. Mwanawe alipojaribu kumpa kitambaa ajifute, aliusukuma mkono wake.

"Niache ninuke," alisema.

Mume alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamgeukia kijana wa baiskeli aliyesimama karibu naye, mtu asiyemjua kabisa, akamwambia: "Unamwona yule? Mama yangu. Fundi mitambo, miaka ishirini na sita."