Nosim Anaandika

Mashine ya kuandikia wasioona ilipoletwa shuleni kwetu, hapa juu ya Ngaramtoni, tulipiga vigelegele mpaka koo zikatukauka. Serikali imetukumbuka, tukasema. Mwalimu mkuu, Gidion, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati ofisini kwake na kuifunika kitambaa cha kufuma. Ikabaki hapo, inapendeza.

Aliyejua kuitumia alikuwa mmoja tu, Mwalimu Kandida, aliyesomea elimu maalumu. Alimkalisha mwanangu Nosim mbele yake, akamzoesha vitufe, akamfundisha kutafuta vinundu kwa ncha ya kidole. Kabla hawajafika kwenye herufi, ukatoka uhamisho wa kumfuata mume, akahamia Njiro. Simlaumu kwa kumfuata mume wake. Nawalaumu walioona kiti chake kitupu wakakiacha hivyo hivyo.

Nosim haoni tangu kuzaliwa. Anarudia darasa la nne, anakaa dawati la nyuma na kusikiliza. Kichwani mwake mna kila kitu: mito, milima, hesabu za kuzidisha, nyimbo zote za kwaya. Ila mtihani wa taifa haufanywi kwa kichwa peke yake. Bila mwalimu wa nukta nundu, hayo maandishi ya vinundu, atakaa tena mbele ya karatasi nyeupe, na baba yake ameshatamka kwamba akishindwa safari hii atabaki nyumbani kuchambua maharage na bibi yake. Baba yake akitamka, ametamka.

Nikamfuata Mwalimu Gidion ofisini.

"Mama Nosim, mwalimu tumeshaomba," akaniambia. "Sasa sikiliza. Kuna mgeni anakuja kutoka mkoani kukabidhi mashine nyingine. Akikuta kitengo chetu cha wasioona kimelala, atasema tunaozesha mali ya serikali, ataondoka nayo. Akikuta mtoto anaandika, mwalimu anakuja. Hawa watu nawajua."

"Lakini mtoto hajui kuandika, Mwalimu."

"Atabonyeza tu. Nani atajua?"

Nilikubali shingo upande. Ndivyo tulivyo. Mgeni akija, hata kama watoto jana wamelala na uji, kuku atachinjwa na makochi yatatandikwa vitambaa vyeupe. Halafu tunashangaa mgeni akienda kuwaambia wenzake kwamba wale watu wana hali nzuri, hawana shida yoyote.

Siku ya mgeni uwanja wa shule ulifungwa turubai, spika zikanguruma tangu asubuhi. Nosim alivalishwa sweta jipya la kuazima, akakalishwa mbele ya mashine. Akabonyeza. Vitufe viligonga, kengele ndogo ikalia mwisho wa mstari, karatasi ikatoka na vinundu vyake. Mgeni akaipokea, akafumba macho, akapitisha kidole taratibu huku akiitikia kwa kichwa, utadhani anasoma Zaburi.

"Vizuri sana," akasema kwenye kipaza sauti. "Vizuri sana, binti yangu."

Makofi yakalipuka. Nosim alitabasamu, na mimi niliyemzaa sijawahi kumwona akitabasamu vile. Mgeni akamrudishia karatasi yake na kuwageukia watu.

"Ndugu wananchi, mmenigusa moyo. Ziko shule ambako watoto kama huyu hawajui hata mashine hii inafananaje. Kwa hiyo yule mwalimu mliyeomba tutampeleka huko kwenye uhitaji. Ninyi mmeshavuka."

Nikamtazama Gidion. Uso ulimshuka, lakini mikono yake ilikuwa inapiga makofi.

Nikasimama.

"Mheshimiwa, samahani. Mimi ndiye mama yake. Mtoto huyu hajui hata herufi moja. Ameambiwa abonyeze tu ili wewe ufurahi. Muulize mwalimu mkuu."

Gidion alikuwa anakagua viatu vyake. Mgeni akanitazama kwa upole ule wa mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa.

"Mama, mama. Hapa ndipo tunapokwama. Serikali inaleta vifaa, walimu wanajituma, halafu mzazi mwenyewe hamwamini mtoto wake kwa sababu tu haoni! Unasimama mbele za watu kumdhalilisha! Wazazi, jamani, tubadilike!"

Wakampigia makofi. Majirani zangu, watu wanaokunywa maziwa ya ng'ombe wangu kila siku, wakapiga makofi. Mshereheshaji akafungulia muziki, na mimi nikamshika Nosim mkono tukaondoka.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, Nosim akauchomoa mkono wake mkononi mwangu.

"Yeyo, kwa nini umewaambia sijui?"

"Kwa sababu hujui, mwanangu. Nataka wakuletee mwalimu."

"Yule baba amesoma. Nimesikia kidole chake kikipita kwenye karatasi."

"Hajui kusoma vile vinundu. Amejifanya tu."

"Wewe unajua kuvisoma?"

"Sijui."

Akasimama. Karatasi alikuwa ameificha ndani ya sweta. Akaitoa, akaikunjua, akaipapasa kuanzia juu hadi chini kwa vidole vyote, pole pole, midomo ikichezacheza.

"Basi umejuaje kama sijaandika kitu?"

Nilinyoosha mkono nimshike, akaukwepa, akatangulia peke yake akigonga ukingo wa barabara kwa fimbo yake.