Swali la Tisa

Kesho ninatimiza miaka hamsini. Wakala wa bima alikuwa ameshanikumbusha mara tatu tangu akae kwenye kochi letu, utadhani mimi sikuwapo nilipozaliwa.

"Leo unaingia kwa fomu tu, kaka. Kuanzia kesho ni daktari, picha ya kifua, vipimo. Na ukienda na kifua cha kiwandani..." Akanywa maji.

Mke wangu alinisukumia kalamu. "Jaza, bwana. Miaka yote unasema mwakani, mwakani."

Kweli. Bima ya maisha niliiona uchuro, kama kujichimbia kaburi kwa mkono wangu. Sasa mtoto wetu wa mwisho ana miaka sita, mimi nafunga mifuko ya saruji mwaka wa ishirini na mbili, na ngazi tatu za ofisi ya mishahara zinanitoa jasho.

Nilijaza hadi swali la tisa. Je, una kikohozi cha zaidi ya mwezi mmoja?

"Hapana," mke wangu akasema kabla sijafungua mdomo.

"Ninacho."

"Hicho si kikohozi. Hicho cha kazini."

Ndivyo tusemavyo sote kiwandani. Ukikohoa saruji hukohoi, unasafisha koo. Msimamizi ndiye aliyetufundisha, nasi tukayageuza utani: asiyekohoa bado hajaajiriwa.

Lakini mimi sisahau. Nakumbuka fomu ya Kijiko, mwenzangu wa mashine namba mbili. Aliandika hapana kwa moyo mweupe. Hakuwa mwongo yule. Alipokufa, watu wa bima walikwenda zahanati ya kiwanda wakaitoa kadi yake. Kumbe tabibu alikuwa akiandika kila mara: kikohozi, kikohozi, kikohozi. Mjane akaambiwa mumewe alidanganya, halipwi kitu. Nilimsindikiza ofisi za bima mara nne. Mara ya nne mlinzi hakutufungulia geti. Na wale waliotulisha vumbi? Hao hawajazi fomu.

"Kadi yangu imeandikwa nini?" nikamuuliza wakala.

"Kadi haipo hapa, kaka. Hapa tupo mimi na wewe."

"Na siku nikifa?"

Akaangalia saa yake.

"Shemeji, umeulizwa," mke wangu akasema.

"Akiandika ndiyo, fomu inakwenda kwa daktari. Wanaweza kupandisha ada. Wanaweza kukataa kabisa. Mimi simwambii adanganye."

"Unaniambia nini basi?" nikamuuliza.

"Nakuambia ofisi inafungwa saa kumi."

Mke wangu akanigeukia. "Wakikataa, mimi na watoto tutashika nini?"

"Nikidanganya, utashika nini? Mke wa Kijiko unamjua."

Aliivuta fomu, akalisoma swali la tisa, akanirudishia.

"Basi andika," akasema. "Lakini andika yote."

Nikaandika ndiyo. Nafasi ya maelezo ilikuwa mstari mmoja; nikajaza na pembeni. Mashine gani, tangu mwaka gani, mara ngapi tuliomba barakoa, na nani alitucheka.

"Kaka, hayo hawayahitaji."

"Najua."

"Jibu wiki tatu," wakala akasema akivaa viatu mlangoni. Kisha kwa sauti ya chini: "Mpaka hapo, jitahidi usife."

Mke wangu hakucheka. Fomu niliyompa aisome ilikuwa bado mikononi mwake. Alikuwa akiipiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, na hakumpa wakala hadi alipomaliza wa mwisho.