Sindano ya Pili

Wifi yangu alisimama mlangoni mwa chumba cha daktari, mikono kiunoni, utadhani hospitali ni ya baba yake.

"Mgongoni hachomwi mtu hapa! Tumsubiri mwenye mtoto arudi safari."

"Mwenye mtoto ni nani, wifi? Mimi nilimwokota?"

Mwanangu Bonge, tuliyempachika jina hilo kwa mashavu yake, alikuwa amelegea begani kwangu. Homa inamuunguza, shingo imekakamaa, mwanga wa dirishani unamliza. Daktari alishaeleza: dawa wanaanza papo hapo, lakini bila kupima maji ya uti wa mgongo hawatajua wanapambana na bakteria gani, wala kama dawa hiyo inatosha. Nilielewa. Wifi naye alielewa, ila alishaapa, na kwake kurudi nyuma ni mwiko.

"Akilemaa, usije kwetu kulia."

"Sitakuja."

Nikampita. Muuguzi akanionyesha namna ya kumkunja mtoto ubavuni, magoti kifuani, kidevu chini, asifurukute. Nikamshika. Alilia mpaka sauti ikakauka. Sindano ikatoa damu tupu.

"Imegusa mshipa mdogo," daktari akasema. "Hutokea. Lakini damu hii itavuruga majibu."

"Si nilisema?" wifi akapiga kelele. "Mnamchinja!"

Hapo niliogopa kweli. Mara ya kwanza nilikubali kabla sijakijua kilio kile. Sasa nilikijua. Daktari alinitazama tu, hakunisukuma.

"Rudia," nikasema.

Safari hii maji yalitoka, tone kwa tone, yakaingia kwenye vichupa. Yanatakiwa yawe maangavu. Haya yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Muuguzi akayakimbiza maabara, na mchana huohuo jibu la hadubini likarudi: bakteria wameonekana. Daktari akaongeza dawa ya pili, inayowaua hao hasa.

Mume wangu alifika jioni, begi bado mkononi, ameshalishwa maneno na dada yake kwenye simu. Bonge alikuwa amelala, homa imeanza kushuka. Hakunisalimu.

"Nani karuhusu mwanangu achomwe mgongo?"

Daktari akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Mimi. Mara mbili. Na wakitaka ya tatu nitamshika tena, na wewe utakuja kushika miguu."